Niliacha dawa za dipresheni kwa sababu ya mimba, sasa giza limerudi na mume wangu hajui kitu

BARUA

Somo shikamoo, assalam aleikum. Barua zako nazisoma kitambo na sikudhani na mie nitakuandikia, lakini nimefika mahali kila ninayemfikiria kumwambia naona atamwambia mwengine.

Mie ni mwanamke wa miaka 31, naishi Likoni na mume wangu na mamake. Nina mimba ya miezi mitano, ndio ya kwanza. Kabla ya kuolewa nilikuwa KDF, jeshi letu la Kenya. Niliingia nimemaliza tu fomu foo, kukawa na usajili uwanjani nikakimbia na wasichana wenzangu nikachukuliwa, nikaenda Eldoret kufunzwa na baadaye nikawekwa sigino, yaani mambo ya redio. Nilipenda ile kazi wallahi, sitaki mtu afikirie nilionewa. Mamangu alikuwa akipita mtaani kifua mbele.

Baadaye nikapelekwa Somalia. Sitataji kambi wala mwaka, wenzangu wakisoma watanijua. Alfajiri moja kambi nyengine ya wenzetu ikavamiwa na mie ndio nilikuwa zamu kwenye seti. Niliwaskia Somo. Wale ni watu nilikuwa naongea nao kila siku, mtu namjua kwa sauti hata kabla hajajitambulisha, na mmoja tulikuwa makurutu pamoja. Waliita wakaita, halafu ikabaki ile shhh ya redio peke yake. Niliendelea kuwaita mpaka nikaja kuondolewa kwenye kiti.

Niliporudi Kenya usingizi ukaniruka, nawaka kwa kila mtu, kitu kikianguka nshapiga magoti. Daktari wa jeshi akasema ni PTSD, yaani kiwewe kinachobaki baada ya mtu kupitia mambo mazito, na dipresheni, nikaanzishwa sertralini na nikawa naonana na mshauri. Ilichukua muda lakini ilisaidia, nikarudi kuwa mtu. Mkataba ulipoisha sikuongeza, nikaja Mombasa nikafungua kibanda cha M-Pesa, nikaolewa. Mume wangu yuko kliaringi bandarini, ni mtu mzuri sana. Anajua nilikuwa jeshini lakini yeye anavyojua nilikuwa ofisini Nairobi napokea simu. Na dawa nilimwambia ni za vidonda vya tumbo, naziweka ndani ya mkebe wa iliki kwa sababu yeye jikoni hagusi.

Nilipopima nikaona mistari miwili nikaenda kemisti kununua foliki, nikamuuliza yule kijana kama hizi dawa zangu zina shida na mimba. Akaigeuza pakiti akanambia mama hizi ni za wagonjwa wa akili, acha mara moja, utazaa mtoto mlemavu. Nikaacha siku ile ile. Kufika mwisho wa wiki kichwa kikawa kama kinapitisha shoti ya umeme kila nikigeuza macho, kizunguzungu, nalia bila sababu. Mavyaa akasema ni jini, mimba ndio imemuamsha, akaletwa shekhe nikasomewa nikapewa na kombe ninywe. Zile shoti zikaja zikaisha, mavyaa akasema umeona.

Lakini sasa giza limerudi. Chakula sikitaki na si ile ya mimba, hio naijua ilishapita. Usiku naamka nakaa sebuleni nimeelekea mlango mpaka alfajiri. Nameza Piriton, hizi za mafua na mwasho, nilale, zikikataa naongeza. Kibandani mteja anaita mara mbili tatu ndio namskia. Mtoto akicheza tumboni wenzangu wananambia utaona raha, mie naogopa, nafikiria huyu kiumbe kakosa nini mpaka aje kwa mtu kama mie. Kuna usiku mwengine nafikiria wote wangepumzika nisipokuwepo.

Klinik ya mwisho nesi alinilaza, akanipaka ile jeli akaweka mashine ya kuskiza moyo wa mtoto. Alipoiwasha, kabla hajaupata moyo, ikatoa shhh. Niliruka kitandani na jeli yote tumboni nikatoka nje viatu mkononi. Nesi akanifuata mpaka kwenye benchi ananiuliza kuna nini, nikamwambia kichefuchefu. Sijarudi tena na tarehe imepita. Mume wangu kila jioni anauliza mtoto anasemaje, namwambia yuko sawa.

Sasa Somo niambie. Nirudie dawa nimhatarishe mtoto au nivumilie hii miezi minne? Mie nishavumilia makubwa. Nikimwambia nesi ataandika kwenye kitabu cha klinik na mavyaa hicho kitabu hukisoma kama gazeti, na naogopa waje waseme huyu hana akili ya kulea wamchukue mtoto. Mume nikimwambia ataona alinioa kwa uongo. Na mavyaa ashapanga arobaini yangu nitaikalia chumbani kwake. Usinifiche kitu.

Dada wa redio, Likoni

JIBU LA SOMO

Marahaba mwanangu, waaleikum salaam, na pole, pole sana.

Kabla ya dawa na kabla ya mume niruhusu nianze na ile sentensi uliyoipitisha haraka haraka, ya kuwa wote wangepumzika usipokuwepo. Naomba nikuulize waziwazi kama ambavyo ningekuuliza tumekaa mkekani: je hilo ni wazo linakuja linapita, au umeanza kufikiria utafanya nini na lini? Mtu akiulizwa hivi hatiwi wazo kichwani, anapata tu mlango wa kusema. Kama umeshaanza kupanga, au wazo limekaa halitoki, basi hii barua iwache hapa hapa, muamshe mume wako usiku huo huo na mwende emajensi, Coast General au hospitali yoyote iliyo karibu, mengine yote yatangoja. Simu pia ziko, Msalaba Mwekundu wana 1199 na ni ya bure, na Befrienders Kenya wako 0722 178 177. Na kama unaogopa ukisema hivyo utafungwa, ni kweli zamani sheria yetu ilikuwa inamshtaki mtu aliyejaribu kujiua, kile kifungu cha 226, lakini Mahakama Kuu ilishasema Januari 2025 kuwa kinakwenda kinyume na katiba. Kusema unaumia si kosa.

Sasa nikuelewe vizuri. Ulikuwa mgonjwa, ukatibiwa, ukapona vizuri tu mpaka ukaolewa na ukafungua biashara. Mimba ikaja, mtu mmoja dukani akakutisha, ukaacha dawa peke yako, na tangu hapo unashuka na hakuna hata mmoja anayejua unashuka kutoka wapi: nesi hajui, mume hajui, mavyaa anaona jini. Na swali umelipanga hivi, dawa upande mmoja na mtoto upande wa pili, na wewe kama mama mwema uchague mtoto. Mimi nina wasiwasi na hapo kwenye kulipanga, kwa sababu naona kuna kitu umekisahau kukiweka kwenye mizani, nao ni ugonjwa wenyewe. Kuacha dawa hakukumtoa mtoto kwenye hatari akabaki mahali salama pasipo na kitu, amebaki na mama asiyelala, asiyekula, anayemeza Piriton za kubahatisha na aliyeacha klinik. Hayo nayo yanamfikia. Dipresheni isiyotibiwa kwenye mimba inahusishwa na watoto kuzaliwa kabla ya wakati na kuzaliwa na uzito mdogo, na mama wengi huendelea nayo baada ya kuzaa.

Yule kijana wa kemisti sitaki kumsema vibaya, huenda alitaka kukusaidia. Kuna dawa za akili ambazo kweli mjamzito hapewi hivi hivi, valproeti kwa mfano inajulikana kuharibu uti wa mgongo na ubongo wa mtoto, na paroksetini madaktari wengi huikwepa. Lakini sertralini ni katika zile zilizochunguzwa sana kwa wajawazito, na tafiti kubwa hazijaonyesha kuwa inaleta ulemavu kwa namna ile uliyotishwa. Hata bila dawa yoyote, watoto kama 3 katika kila 100 huzaliwa na kasoro fulani, nakwambia hivi ili ujue hakuna anayeweza kukupa hakikisho la asilimia mia, si mwenye kumeza wala asiyemeza. Kwa hivyo zile za mwanzo ulizomeza kabla hujajua, mwanangu usijitese nazo. Na uko wakati mzuri wa kuuliza klinik kuhusu ile skani ya kuangalia viungo vya mtoto, hufanywa kwenye wiki ya 18 mpaka 22 hivi, ukichelewa kidogo bado inaonyesha mengi.

Zile shoti za kichwani zinajulikana na madaktari. Mtu akiikata ghafla dawa ya aina hii hupata vitu kama hivyo, shoti, kizunguzungu, machozi, hasira, na huisha baada ya wiki kadhaa, ukisomewa au usiposomewa. Sisemi usisomewe. Dua ni zako na ni dini yako. Nachosema ni kuwa zile shoti kuisha hakukuwa dalili ya kupona.

Kuhusu kurudia dawa, mimi si daktari wako na sitakwambia meza au usimeze, ila nitakueleza mambo utakayoyakuta mezani ukienda. Kuna utafiti uliofanywa Marekani ukatolewa 2006, wanawake 201 wajawazito waliokuwa na dipresheni ya kujirudia: walioacha dawa, 68 katika kila 100 waliugua tena, na walioendelea walikuwa 26. Utafiti mwengine wa 2011, kwa wanawake wa mtaani ambao wengi hawakuwa wagonjwa wazito hivyo, haukuona tofauti hio. Kwa hivyo si kila mwanamke lazima aendelee, inategemea historia yake, na ndio maana daktari anataka kukujua wewe, ulikuwa mgonjwa kiasi gani, mara ngapi, na nini kilikuinua. Upande wa pili wa mizani ni huu: mtoto ambaye mamake ametumia mpaka mwisho wa mimba anaweza kuzaliwa akawa anatetemeka, analia sana, hanyonyi vizuri, inatokea mpaka kwa watoto 3 katika 10, na kawaida huisha ndani ya siku chache au wiki mbili. Kuna pia shida ya mishipa ya mapafu kwa mtoto mchanga, hiyo ni nzito lakini ni nadra, huongezeka kutoka kama watoto 2 katika kila 1000 kufika kama 3. Kwenye maziwa ya mama sertralini hupita kidogo sana. Hizo ndizo hatari, ziko, na daktari mzuri atakwambia hivyo hivyo bila kukutisha wala kukubembeleza. Ila usirudie zile zilizobaki mkebeni kwa dozi yako ya zamani, mwili ushazisahau, na daktari atataka kukuuliza mengine kwanza, kama vile uliwahi kuwa na siku za nguvu za ajabu hulali na huchoki, manake hio hubadilisha dawa inayofaa.

Njia ya pili ni kurudi kwa mshauri bila dawa. Si njia ndogo hio. Pakistan walifundisha wahudumu wa afya wa vijijini kukaa na wajawazito wenye dipresheni na kuzungumza nao kwa mpango maalum, na mtoto alipofika miezi 6 waliobaki na dipresheni walikuwa 23 katika 100, wakati kwa wale wasiopata mpango huo walikuwa 53. Shirika la Afya Duniani limeuchukua ule mpango mpaka leo. Kinachonitia wasiwasi kwako ni muda, mazungumzo huchukua wiki nyingi kabla hujaona tofauti na wewe huko usiku unaumia sasa. Pia uliniambia mwenyewe kuwa mara ya kwanza ulipata vyote viwili, dawa na mshauri, kwa hivyo si lazima uchague kimoja.

Halafu kuna kuvumilia. Hapa nataka twende polepole kwa sababu naona ndio unapoegemea. Umesema miezi minne, kama vile ukizaa kitu kinaisha. Shirika la Afya Duniani linasema nchi kama zetu asilimia 15.6 ya wajawazito wana shida ya akili, dipresheni hasa, na baada ya kuzaa inapanda kufika asilimia 19.8. Mtoto mchanga anakuja na kukesha kwake, na wewe usingizi tayari huna. Kwa hivyo miezi minne ya kuvumilia huenda ikakufikisha pale pagumu zaidi ukiwa umechoka zaidi. Jeshini walikufunza kuvumilia na kulikuwa na sababu, lakini hata huko ulipougua daktari alikutibu, hakukwambia uvumilie.

Kuna jambo la wenzako walioacha jeshi ambalo nataka ulijue. Marekani walichunguza uzazi 16,334 wa kina mama waliokuwa wanajeshi, wakatoa matokeo 2014. Wale waliokuwa na PTSD inayowasumbua ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuzaa, asilimia 9.2 walizaa kabla ya wakati, wasiokuwa nayo kabisa ni 7.4. Lakini waliowahi kuwa nayo zamani ikatulia hawakuonekana kuwa kwenye hatari zaidi. Mimi naona hapo kuna neno lako. Kilichoonekana na hatari ni PTSD iliyo macho sasa, na hio ya sasa inatibika. Kule kwao mama aliyekuwa jeshini akishika mimba hupewa mtu maalum wa kumfuatilia kwa simu mpaka mtoto afike mwaka. Huku kwetu sijaona mpango kama huo kwenye klinik za mtaani, kwa hivyo huyo mtu itabidi tumtafute.

Na mimi naona ameshajionyesha. Yule nesi. Wewe umeisoma ile siku kama siku ya aibu, mimi nimesoma kuwa nesi mwenye foleni nje aliacha kazi yake akakufuata mpaka kwenye benchi kukuuliza kuna nini. Manesi wangapi wangefanya hivyo? Mrudie yeye, muulizie kwa jina kama unalijua. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kama ulimi ni mzito andika kwenye simu umpe asome: nilikuwa jeshini, nina PTSD na dipresheni, nilikuwa kwa sertralini nikaacha nilipopata mimba, sasa silali na nina mawazo mabaya, na sauti ya ile mashine inanirudisha vitani. Basi, huhitaji kusema zaidi ya hapo.

Hio mashine nataka niizungumze kidogo. Ulichofanya pale si wazimu na si uoga. Masikio yako yalifunzwa kwa miaka kuwa ile sauti ni kazi na baadaye yakafunzwa kuwa ni msiba, mwili haukungoja ruhusa ukaruka. Lakini moyo wa mtoto unaweza kuskizwa bila ile sauti kabisa, mwambie nesi atumie fetoskopu, ile ya koni ambayo anaiweka tumboni na kutega sikio lake mwenyewe, wewe huskii chochote. Wakunga wazoefu wanaijua vizuri, wengine wanaipenda kuliko mashine. Siku ukitaka kuuskia na wewe, aupate kwanza akiwa ameifunga sauti ndio aifungue. Na hayo yafike mpaka wodi ya kuzalia mapema, manake huko kuna mashine, kuna kelele, kuna watu kukushika bila kukuambia, ni vizuri wajue wakuambie kabla ya kugusa.

Kuna karatasi ya maswali 10 wanaweza kukupa ujaze, ilitengenezwa Edinburgh mwaka 1987, swali la kumi ndio linauliza kuhusu kujidhuru. Lijibu kwa ukweli. Alama 13 kwenda juu humwambia nesi akupeleke kwa daktari, haimwambii kama wewe ni mama mbaya. Hospitali ya Port Reitz wana huduma ya afya ya akili, na Coast General pia, na kutoka huko kwenu siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu huna lazima ya kupigana na feri. Piriton pia itaje ukifika, haikutengenezwa kwa usingizi wa aina hii na kuongeza ongeza si kuzuri.

Kitabu. Unaweza kumuomba nesi haya ayaandike kwenye faili ya hospitali yasiingie kwenye kile unachokwenda nacho nyumbani. Ila fikiria na hili, uchungu ukikushika ghafla ukaenda hospitali nyengine, kitabu ndicho watakachokiona, na kama utakuwa unatumia dawa ni muhimu wamuangalie mtoto siku zile za mwanzo. Labda karatasi ndogo kwenye pochi lako inatosha, mtaamua na nesi. Kuhusu kunyang'anywa mtoto, dipresheni peke yake si sababu ya mtu kuchukuliwa mwanawe, na mama anayekwenda kutibiwa ndio anayeonekana anajali.

Tukija kwa mume wako. Unasema ataona alinioa kwa uongo, na mimi simjui, wewe ndio unamjua. Ila kwa barua yako namuona mtu anayeuliza kila jioni mtoto anasemaje. Na ule uongo wa vidonda vya tumbo unakula nguvu zako, siku moja atautafuta mkebe wa iliki apike chai mwenyewe kwa kukuonea huruma na mimba, atakuta dawa, na atasikia habari kutoka kwa pakiti badala ya kutoka kwako. Huo nao ni uwezekano. Nadhani pia umeunganisha mambo mawili ambayo si lazima yaende pamoja, kuna habari ya ugonjwa na kuna habari ya alfajiri ile. Unaweza kumpa ya kwanza: nilikuwa Somalia, nilirudi mgonjwa, nikatibiwa, mimba imekuja nikaacha dawa na ugonjwa umerudi, nahitaji unisindikize hospitali. Uliyoyaskia kwenye redio ni yako, utamwambia ukiwa tayari au hutamwambia kabisa. Kwanza muombe ahadi kuwa hatamwambia mamake kabla hamjakubaliana, hapo ndipo ninapoona hatari kubwa. Anaweza kukasirika. Wanaume wengine huumia zaidi na kufichwa kuliko na jambo lenyewe, huenda akanyamaza siku kadhaa. Kama hilo linakutisha sana, mshauri anaweza kukaa nanyi wote wawili useme ukiwa na mtu pembeni.

Mavyaa wako nimemfikiria. Alivyosema mimba ndio iliyoamsha kitu, amekosea jina lakini hakukosea kuona, ni yeye peke yake nyumbani aliyegundua kuwa siku ile umebadilika. Kombe la zafarani na dua havigombani na dawa za hospitali. Kuwa muangalifu na miti shamba ya kunywa, hio usinywe bila kumuuliza nesi. Na arobaini usiikatae haraka, kwa mtu mwenye dipresheni kupikiwa na kuoshewa mtoto na kuachwa ulale ni sehemu ya tiba, ikiwa yatafanyika hivyo kweli. Tatizo ni chumba, utakosa faragha ya dawa na ya simu za mshauri. Inaweza kuwa arobaini ile ile chumbani kwako, yeye akachukua mtoto saa za alfajiri upate usingizi wa kuunganisha. Hayo mume ndio atayasema kwa mamake, si wewe, ndio maana narudi kwenye kumwambia yeye kwanza.

Kitu kimoja cha kiofisi: omba muhtasari wa matibabu yako kutoka hospitali ya jeshi iliyokutibu, jina la dawa, dozi, muda, nini kilisaidia. Itamfupishia daktari mpya kazi sana. Na tuna sheria ya maveterani wa jeshi tangu 2022, ulizia kama kuna kinachokuhusu, usione haya, ulifanya kazi. Kama kuna mwenzako wa kike mliyetumikia pamoja unamuamini, mpigie pia.

Umesema uliendelea kuwaita mpaka ukaondolewa kwenye kiti. Mwanangu, kazi yako pale ilikuwa kuita na uliita. Najua maneno yangu hayatakutoa hio hatia, iko ndani sana na inataka mtu wa kukaa nawe wiki baada ya wiki, lakini unaposema mtoto amekosa nini mpaka aje kwa mtu kama wewe, mimi namuona mtu aliyekataa kuwaacha wenzake hewani.

Wiki hii ningependa ufanye moja tu katika haya yote, lolote utakaloliweza, kumtumia nesi ujumbe, au kupiga 1199, au kumwambia mume maneno mawili ya mwanzo. Kuhusu dawa utaamua ukiwa na daktari na ukiwa umelala kidogo. Na utakachoamua, ukimeza au usipomeza, ukisema au ukishindwa kusema ukarudi nyumbani, niandikie tena unieleze ilikuwaje, nitakujibu.

Somo wako